Sikupiga Makofi

Majengo, Meru
24 Machi 2025

Kwa kaka yangu Riungu,

Salamu. Wewe mwenyewe ulinifundisha, nikiwa na miaka tisa, kwamba barua huanza na salamu na habari za nyumbani hata kama nyumba inaungua. Basi mimi mzima. Mama Kuruthumu, yule aliyekuwa akinunua viazi vya mama na sasa amenipangisha chumba, naye mzima, ila goti linamsumbua. Ananifundisha kushona kofia za vitobo kwa mkono. Jirani yetu Swaib mwenye bucha amenunua msumeno wa stima wa kukatia mifupa, na chumba changu na bucha yake ni ukuta mmoja. Siku ya kwanza alipouwasha nilikaa chini ya kitanda hadi saa sita mchana. Siku ya pili akaja kuuliza amekosea wapi. Tangu hapo kila akitaka kuuwasha hugonga ukuta mara mbili, akangoja, nami naziba sikio langu moja linalosikia. Mwuza nyama huyo asiye ndugu yangu alijifunza hilo kwa siku mbili. Wifi Ciakuthii na watoto wasalimie. Salamu zimekwisha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ulisema mbele ya watu kwamba maneno ya simu yangu si yangu, ni ya mashine. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima na mkono hunikakamaa. Utazame huu mwandiko, mwalimu. Hakuna mashine duniani inayoandika vibaya hivi.

Jumamosi ya tarehe nane, wazee wa mwiriga wetu, ukoo mzima, walikaa Kibirichia, katika ua wa marehemu mama, kuamua nyumba yake na kishamba chake cha viazi, ambavyo mama alisema mbele yako na mbele yangu kwamba ni vya Kaari. Nilipofika niliandika salamu kwenye simu, simu ikazisema. Mzee Kiunga akainamisha kichwa, akasikiliza, akauliza, "Na huyu mama wa ndani ya simu, yeye ni wa mwiriga gani?" Watu wakacheka. Wewe pia ulicheka. Kisha ukaniambia, "Leta nikuchajie," ukaipeleka kwa jirani, kwa Muriithi. Ilikuwa na chaji asilimia themanini na mbili. Magongo yangu yakatolewa yakaegemezwa nje ya ua, eti watu wasijikwae. Halafu Mzee Kiunga akatangaza utaratibu wa mababu: anayekataa asimame na aseme kwa mdomo wake, anayekaa kimya amekubali.

Siwezi kusimama bila magongo, kaka. Na mbele ya watu kumi na saba maneno hayatoki kinywani mwangu hata ukiyachimba kwa jembe. Mababu waliotunga utaratibu ule lazima walikuwa na miguu mizuri sana.

Jana nimepata nakala ya kumbukumbu za kikao. Mwandiko wako mzuri kama kawaida. Umeandika kwamba nyumba na shamba vitashikwa na Riungu, na Kaari atahamia Embu kwa Riungu ili atunzwe. Chini yake umeandika: "Kaari aliulizwa, akakubali na kupiga makofi."

Nina swali moja tu. Mikono yangu ikigongana vile, huwa inasema nini? Wewe unajua. Nijibu.

Mimi dada yako,
Kaari


Embu
19 Aprili 2025

Mpendwa dada Kaari,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu, katika majira haya matakatifu ya Pasaka. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri. Ng'ombe amezaa ndama jike, na wifi yako Ciakuthii amechaguliwa kuwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Shuleni tuko likizo, lakini naibu mwalimu mkuu hana likizo, wewe unajua. Natumaini mapafu yako hayajasumbuliwa na vumbi la hapo Majengo.

Barua yako niliipokea. Nilisikitika kuona moyo wa uchungu. Kikao kilifuata taratibu zote. Uliulizwa kwa heshima, watu wakangoja, na makofi wazee wameyaona kwa macho yao. Mimi nilikuwa mwandishi tu, na mwandishi huandika kinachoonekana. Simu niliichukua kwa nia njema. Kuhusu mambo ya usonji ambayo daktari alikuandikia mwaka juzi, siyapingi, lakini siku hizi kila tabia imepewa jina la hospitali. Sisi tulikuchukua ulivyo bila jina lolote.

Nani alikubeba mgongoni kwenda shule, kilomita tatu za matope? Nani alijibu ulipoulizwa jina? Nimekuwa mdomo wako kwa zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kulalamika. Chumba chako hapa kiko tayari, kile kilicho nyuma ya zizi, na nimekipaka rangi ya buluu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Fikiri.

Kaka yako akupendaye,
Riungu M.


Majengo, Meru
28 Aprili 2025

Kwa kaka yangu Riungu,

Salamu. Mimi mzima. Ndama hongera. Goti la Mama Kuruthumu limepoa. Kofia yangu ya kwanza nimeimaliza: vitobo elfu moja mia mbili na nne, na kimoja tu kimeenda upande. Swaib ameivaa msikitini Ijumaa na watu wakamuuliza ameitoa wapi. Mvua hata huku ipo.

Umeniandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikio la kushoto lilikufa nikiwa na miaka minne, na miguu yote miwili ilikataa kazi tangu nizaliwe. Methali yako imechelewa, mwalimu. Tafuta nyingine ya kumtishia mtu wa namna yangu, ukiweza kuipata.

Unasema umekuwa mdomo wangu. Ni kweli umekuwa mdomo, lakini mdomo huo umekuwa ukila peke yake. Shuleni nilipoulizwa nataka uji au chai, ulisema chai, kwa sababu nikishindwa kuimaliza uliinywa wewe. Nilikuwa nataka uji. Hilo nalikumbuka, na sikuwa na simu ya kulisema.

Najua watu wanavyonipima. Hapa Majengo wanunuzi humwuliza Mama Kuruthumu, nikiwa nimeketi mbele yao, "Huyu anakula nini?" kama wanaouliza habari za kuku. Wengine hunipigia kelele kwenye sikio lililokufa, wakiamini kwamba nikipigiwa kelele ya kutosha nitatembea. Mmoja alinisifu kwa kutabasamu. Sikuwa natabasamu, nilikuwa nahesabu vitobo. Mama Kuruthumu sasa huwajibu, "Muulize mwenyewe, kisha ungoje." Wengi kungoja kunawashinda. Mtu anaweza kungoja mvua miezi minne, lakini dakika moja ya mimi kuandika sentensi humtoa jasho.

Na chumba cha buluu nyuma ya zizi sikitaki. Nitakueleza ninachotaka, tena usiseme hujaambiwa. Nyumba ya mama ina mbao ya kushikia iliyopigiliwa ukutani, kuanzia kitandani mpaka jikoni, na nguzo za kushikia kutoka jikoni mpaka choo. Mama aliipiga msasa mwenyewe miezi mitatu ili isinichome. Ndiyo nyumba pekee duniani ambamo natembea bila magongo, na hakuna kelele ila kuku na upepo. Naitaka nyumba hiyo. Nimeikataa Embu, na simpi Riungu chochote akishike kwa niaba yangu.

Swali langu hukulijibu. Mikono yangu ilikuwa inasema nini?

Kaari


Embu
30 Juni 2025

Dada Kaari,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, kwanza ilikuwa posta, kisha mitihani, kisha harambee ya kanisa. Tuko wazima. Ndama anakua. Ciakuthii anakusalimu, anasema umtumie picha ya hizo kofia.

Nimezisoma barua zako tena, na lazima niulize jambo kama mzazi. Barua hizi nani anakuandikia? Mwandiko ni wako, sikatai, lakini hoja hizi si zako. Mtu wa hali yako hawezi kupanga maneno ya kuchoma hivi. Nahofia hao watu wa Majengo wameona kuna shamba na sasa wanakutumia. Jihadhari nao.

Usihangaike kwa ajili ya nyumba ya mbao iliyochakaa. Mbao huoza. Kuna mipango mizuri zaidi ambayo utaifurahia ukiiona. Suala la chai na uji nashangaa unalikumbuka, mimi sikumbuki. Mengine tutaongea ana kwa ana, maana barua hazimalizi mambo.

Kaka yako,
Riungu M.


Majengo, Meru
7 Julai 2025

Kwa kaka yangu Riungu,

Salamu. Mimi mzima, na wengine wote wazima. Picha ya kofia iko ndani ya bahasha, mpe wifi, si wewe.

Unauliza nani ananiandikia. Huo ni utukufu mkubwa, asante. Nilipokuwa sisemi ulisema sina neno. Sasa nimesema, unatafuta mwenye neno. Basi niambie, umekuwa ukibishana na nani tangu Pasaka? Umeniandikia barua mbili, umenipigia methali, umenionya, umenibembeleza kwa rangi ya buluu. Mtu habishani na kisiki.

Jumatano Muriithi alishuka Meru na viazi vyake, akapita kunisalimu. Muriithi si msemaji, kwa hiyo tunaelewana. Alikaa nusu saa, kisha akasema, "Kuna lori ya mawe ilimwaga kwa mamako wiki mbili zilizopita. Fundi amepima mpaka kwa choo." Hiyo ndiyo mipango mizuri nitakayoifurahia. Unabomoa nyumba ya mama ili ujenge ya mawe ya kustaafia, na mbao yangu ya kushikia itachemshia mafundi chai. Uliandika kwamba mbao huoza. Mawe uliyanunua kabla hujaiandika barua hiyo. Nimeona aibu kwa niaba yako, maana naona wewe mwenyewe hukuwa na nafasi ya kuiona.

Sasa nitakukumbusha jambo, kwa kuwa kumbukumbu yako imechagua kufa upande mmoja. Nilikuwa na miaka mitano, wewe kumi na minne. Mama alitutuma sokoni kwa kinyozi kwa sababu ya mashilingi, yale mabaka ya choa, kichwani mwangu. Ile mashine yake ilinguruma karibu na sikio langu nikaanza: mikono ikagongana, ikagongana, mbio mbio, na kuyumba. Kinyozi akacheka akasema mtoto anafurahi kupendezeshwa. Wewe ulimshika mkono. Ulimwambia jambo fulani, naye akazima mashine. Ulipofika nyumbani ulimfundisha mama jambo hilohilo, na mama hakulisahau mpaka alipokufa. Wewe ndiye mtu wa kwanza duniani aliyenisoma, Riungu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mawe. Wazee hawakujua, nawadharau kidogo tu. Wewe ulijua, ukachukua kalamu ukaandika "makofi".

Ulimwambia kinyozi nini? Hilo ndilo swali langu lilelile. Ni mara ya tatu.

Barua hii nimeitoa nakala, na zako zote mbili pia. Zimekwenda kwa Mzee Kiunga.

Kaari


Embu
4 Agosti 2025

Kaari,

Salamu. Sisi wazima.

Mzee Kiunga amenipigia simu. Umenidhalilisha mbele ya ukoo kwa jambo ambalo ndugu wangelimaliza ndani ya nyumba. Kikao kitakaa tena tarehe sita Septemba kwa sababu yako. Wazee wamesema mashine haitaruhusiwa. Njoo basi useme, kama una la kusema.

Riungu


Majengo, Meru
15 Septemba 2025

Kwa kaka yangu Riungu,

Salamu. Mimi mzima. Mama Kuruthumu mzima na anakusalimu, ingawa hukumpa kiti. Swaib mzima, gari lake lilipata pancha tukirudi lakini tulifika.

Nakuandikia yaliyotokea katika kikao japokuwa ulikuwepo, kwa sababu nakujua, huko Embu utayasimulia vingine. Hizi ni kumbukumbu zangu. Wewe umekuwa mwandishi miaka mingi, sasa pumzika.

Safari hii niliyakalia magongo yangu. Aliyetaka kuyachukua angenichukua na mimi. Nilikaa kona ya ua, ukuta ukiwa upande wa sikio langu lililokufa, ili watu wote wawe upande unaosikia. Wazee walikuwa wanatafuna miraa na kutazama ardhi. Mzee Kiunga akarudia utaratibu wa mababu. Nikatoa karatasi mfukoni, nikampa. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akasema, "Miwani nimeacha nyumbani. Mwalimu, tusomee."

Kila mtu alikutazama wewe, kwa sababu katika kikao chetu karatasi husomwa na mwalimu, na mwalimu ni wewe. Hukuwa na pa kwenda. Ukasimama. Ukasoma kwa ile sauti yako ya mwalimu wa zamu: "Mimi Kaari mtoto wa mama Igoki sikukubali tarehe nane Machi na sikubali leo. Naikataa Embu. Nyumba ya mama isibomolewe. Shamba nitalilima na Muriithi tukigawana mavuno." Ulipofika mstari wa tano uliuruka. Niligonga gongo chini mara mbili. Mzee Kiunga akasema, "Mwalimu, kuna kitu umeacha." Ukarudi, ukausoma: "Aliyeandika makofi alijua si makofi."

Ulijisifu kwamba wewe ni mdomo wangu. Siku ile nilikutumia kwa mara ya kwanza, na lazima niseme unafanya kazi vizuri sana ukipewa maneno yangu badala ya yako.

Wazee wakanong'ona. Mmoja, sikumwona ni nani, akasema, "Sasa si hata yeye aseme tu 'nimekataa', neno moja tu?" Mzee Kiunga akamjibu, "Amesema. Umesikia na masikio yako. Ama unataka aseme mpaka mishipa ya shingo itoke?" Kisha akakugeukia. Akatoa barua yangu ya Julai mfukoni, ile ya kinyozi. Kumbe alikuwa ameshasomewa na mjukuu wake, miwani au bila miwani. Mzee yule nilimdharau Machi. Nimempunguzia.

Akakuuliza, "Riungu, hii mikono ya dadako, siku ile, ilikuwa inasema nini? Wewe ndio unajua lugha yake. Tuambie."

Ulikaa chini. Ulitazama viatu vyako. Nilihesabu, kwa sababu nikihofu huhesabu: sekunde mia moja na tisini. Jogoo wa Muriithi aliwika mara mbili.

Mzee Kiunga akamwambia kijana aliyekuwa akiandika mahali pako, "Andika. Mwalimu ameulizwa, amekaa, amenyamaza. Amekubali."

Utaratibu wa mababu, kaka. Una miguu mizuri kweli.

Watu walishangilia, nao walipiga makofi, makofi yenyewe hasa, na kelele ile ilinipasua kichwa. Mikono yangu ikaanza. Mama Kuruthumu alikuwa mlangoni, akaona, akainua kiganja kuwaelekea, wakanyamaza. Mama wa watu hata si wa mwiriga wetu. Na wewe ulikuwa umeniona kabla yake. Niliuona uso wako ukiniona. Hukuinua mkono.

Swali langu bado liko palepale. Kikao kimejibiwa, mimi sijajibiwa.

Kaari


Embu
2 Oktoba 2025

Kaari,

Husema acha. "Mwache, mikono yake inasema acha." Ndivyo nilivyomwambia kinyozi.

Nilijua siku ile na nilijua tarehe nane Machi. Pale uani ni mimi peke yangu niliyeweza kukusoma, na nilitaka ile nyumba. Nikaandika makofi. Nililiandika neno hilo haraka ili nisilitazame.

Uji nakumbuka pia.

Mawe yameondolewa jana. Ufunguo wa mama umo ndani ya bahasha hii. Mbao ya ukutani ilikuwa imelegea karibu na jikoni, nimeipigilia.

Riungu


Majengo, Meru
8 Oktoba 2025

Kwa kaka yangu Riungu,

Umesahau salamu. Ndiyo barua yako ya kwanza niliyoielewa bila kuirudia.

Sijakusamehe, na usimwambie wifi kwamba nimekusamehe. Nikisamehe nitakuandikia, kwa kalamu, na itachukua asubuhi nzima.

Nahamia Kibirichia Jumamosi. Mama Kuruthumu atanitumia vitambaa vya kofia huko kila mwisho wa mwezi. Muriithi ameshafungua mitaro na mbegu ya viazi imechipua, tutapanda wiki ijayo mvua ikishika. Mikono miwili zaidi kutoka Embu haitadhuru, ikiwa ni ya kufanya kazi.

Ukija, usiniite kwa sauti toka barabarani, na usiingie ukaanza kunisemea kwa majirani. Gonga ukuta mara mbili, halafu ungoje.

Kaari